Mama, Barua Yako Imesomwa Mahakamani

Mama,

Leo sikuamkii. Nimekaa kwenye meza yako ya kulia hapa Ghubra, ile uliyomkataza kila mtu kuweka sufuria ya moto, na nimeweka sufuria ya moto. Najua ni utoto. Lakini tangu Jumatatu sina adabu iliyobaki ya kukupa.

Jumatatu wakili wa Zuhura alipiga simu. Mahakama imemkatalia. Ulifariki tukiwa bado tunangoja, kwa hiyo nikueleze. Watu wa uhamiaji wa nchi aliyokimbilia mdogo wangu walimnyima hifadhi, baraza la rufaa likamnyima vilevile, tukabaki na jaji. Nilidhani jaji atamsikiliza upya, atautazama ule mkono uliopinda, atasema binti huyu harudishwi kwa mume atakayemuua. Kumbe jaji hana kazi hiyo. Yeye hutazama tu kama waliokataa walifuata sheria katika kukataa kwao. Kwamba walikosea kutomwamini, hilo si shauri lake. Na sheria waliifuata, Mama, kwa sababu ushahidi uliommaliza Zuhura aliupeleka yeye mwenyewe. Ilikuwa barua yako.

Nimeisoma hukumu yote. Katikati yake upo wewe, umetafsiriwa: "Binti yangu ameolewa na mtu mwema. Wamekosana kama wanavyokosana watu wa nyumba moja. Hasira zikimshuka atarudi kwa mumewe." Baraza likaongeza kuwa hakuna sababu ya kumshuku mama mzazi.

Mtu mwema. Wewe ndiye uliyekwenda nyumbani kwao Hail kumchukua siku ile mumewe Khamis alipomvunja mkono. Wewe ndiye uliyemwambia daktari kuwa ameanguka kwenye ngazi, na nyumba ile haina ngazi hata moja. Nilikuwepo. Daktari alikutazama, nawe ukaanza kuitengeneza shela yako. Tuliporudi uliifua kanga yake kwa mikono yako mwenyewe, hukutaka mtumishi aione damu. Ukaniambia, "Sitiri, mwanangu. Khamis mtoto wa kaka yangu, aibu yake yetu."

Ndivyo ulivyotulea. Ya nyumbani hayatoki, na yakilazimika kutoka hutoka yamevalishwa na kufukizwa udi. Zuhura alikuomba barua ya kuthibitisha kipigo, wewe ukaandika kama unayepeleka posa. Sidhani ulitaka kumdhuru. Nadhani ulishika kalamu, ukakumbuka kuwa watakaosoma ni wageni, na mkono ukakataa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ulimwangamiza kwa heshima zako.

Nami sikuifungua. Uliitia gundi mbele yangu, ukasema ni amana, nikaipeleka posta kule Ruwi roho yangu imetulia. Zuhura naye hakuifungua. Siku zile hakuwa na wakili, kila karatasi aliipeleka barazani kwa mkono wake, na barua ya mama yake ya kumtetea angeichungulia ya nini? Walipomsomea tafsiri akanyamaza. Alishindwa kusema mbele ya watu asiowajua kwamba mama yake ameandika uongo. Wakaandika kuwa alikosa jibu. Hata mimi hakuniambia, Mama. Alikusitiri mpaka ukafa.

Ulikuwa ukimwekea kitumbua cha kwanza kila asubuhi, eti mdogo haungojeshwi. Nilikuwa naona wivu, na leo nakuuliza: yule uliyekuwa ukimpulizia kitumbua asiungue ulimi, uliwezaje?

Ulipofariki hakuweza kuja. Akitoka kule, ombi lake limekwisha. Nilimshikia simu karibu na uso wako kabla hatujakufunika, akalia, akakuomba radhi. Niliona ni sawa wakati ule. Sasa nikikumbuka natamani kuivunja hiyo simu, maana mwenye kuomba radhi hakuwa yeye.

Imebaki njia moja, na ni nyembamba. Wakili anasema waziri wa kule anaweza kumruhusu aombe upya akipelekewa jambo ambalo halikuwahi kusikilizwa. Anataka kiapo cha mtu aliyeona, aseme waziwazi kwamba barua ile haikuwa kweli na mwandishi wake alijua. Aliyeona nimebaki mimi peke yangu. Zuhura amepewa wiki chache tu, kisha watampandisha ndege, na Khamis ameshaanza kuulizia atafika lini.

Jana Mjomba Seif alikuja. Ni baba yake Khamis, lazima aje. Nilimtilia kahawa, nikamwekea tende, akaniambia hata arubaini yako haijafika. "Unataka umwite mamako mwongo naye yumo kaburini?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mjomba. Zuhura yungali hai."

Hakumaliza kahawa. Sitegemei kumwona tena katika nyumba hii, wala wanawe, wala wale wote waliokula khitma yako wakinisifu kwa kukuuguza.

Leo asubuhi nimekwenda Darsait, kwenye ofisi ndogo ya kuapisha watu, nikaapa. Nikafika kwenye jina lako. Nililiandika lote, na la baba yako, na la babu yako, wasije wakasema ni mwanamke mwingine. Nikaandika kwamba ulijua. Karani alinitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikatia saini.

Basi, Mama, kwaheri. Ahadi ninayokuachia ni kwamba kila Ijumaa nitakusomea Fatiha, sitaruka hata moja, na kila nitakapoulizwa habari zako na watu wenye amri juu ya Zuhura, nitasema kweli. Namwomba Mungu akusamehe. Mimi namngoja kwanza Zuhura apate hifadhi.

Mwanao,
Salma