Bibi Ruth na ile ndege

Buffalo, Alhamisi, Machi 2015

Kumbe Bibi Ruth, mzee ninayemtunza kule Kenmore, aliwahi kuanguka na ndege! Alikuwa mhudumu wa abiria, miaka ya hamsini. Watu wengi walikufa, na kampuni ikamlaumu rubani, marehemu asiyeweza kujitetea.

"Nikaiambia tume ya uchunguzi kwamba injini iliwaka moto tukiwa bado angani," alisema. "Wakachunguza mabaki ya injini, wakakuta ni kweli. Mwezi uliofuata nikapanda tena."

Akanicheka. "Na wewe unaogopa kwenda Louisville?"

Naogopa, sikatai. Hata nilimdanganya dada yangu kwamba nimenyimwa ruhusa kazini, ili nisipande ndege kwenda harusini kwake huko Louisville.

Jioni nimempigia dada simu. "Jumamosi nakuja." Kigelegele alichopiga! Sikio bado linavuma, na mimi nacheka peke yangu.