Sketi ya Bwana Harusi

Louisville, tarehe 11 mwezi wa pili

Kwako mdogo wangu Byamungu, pale Buffalo,

Nakusalimia wewe kwanza, halafu mke wako Dative, halafu watoto wote kwa majina yao ya siku hizi ambayo kalamu yangu haiyawezi. Theluji yenu tunaiona kwenye televisheni, na kila mara najiuliza kama mlango wenu umefunguka. Mguu wako unasemaje? Bado unasimama masaa kumi pale kiwandani? Sisi hapa mtaani Iroquois tuko wazima. Daktari anasema sukari yangu imepanda, mimi nasema amepima vibaya.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Bon, simu mtu anaikata. Barua, hata ukiichana, utakuwa umekwisha kuisoma. Kuna watu kule Columbus wananingojea niwape jibu juu ya nguo fulani, na mwenye jibu hilo ni wewe. Lakini usirukie mwisho. Soma kwa utaratibu, kama nilivyoandika.

Theluji ilikuzuia kuja kwenye ndoa ya mjukuu wetu Chimène, donc nikuhadithie. Yule kijana wake, Graham, ni mrefu kama mlingoti wa bendera, na ana adabu. Siku ya mahari alipiga magoti kabla mtu hajamwambia. Wazee wake wa zamani walitoka Scotland, na kule wanaume wakioa wanavaa sketi ya miraba, wanaiita kilti. Usicheke, mimi nilikwisha kucheka kwa niaba ya ukoo wote. Kila ukoo wa kule una miraba yake, rangi zake na hesabu ya nyuzi zake, na mtu akikuona kwa mbali anajua wewe ni wa nani. Lakini watu wa Graham walikwisha kusahau ya kwao. Baba yake alisema nguo yoyote ya kijani na buluu itatosha.

Chimène akawaambia babu yake ni fundi. Na ni kweli. Wewe unajua, pale Kadutu, kwetu Bukavu, hakuna aliyekunja marinda kama mimi. Sketi za wanafunzi nilishona mpaka wakaguzi wa shule walikuwa wananiulizia. Nikamwambia Graham alete kitambaa, na asinisumbue kwa picha wala video, kwa sababu sketi ni sketi.

Alileta mita tano nzuri. Nikakata vipande sita, nikazungusha marinda pande zote, nikaweka zipu ubavuni. Jumatano, siku tatu kabla ya ndoa, alikuja kujaribu. Byamungu, alitoka chumbani akiwa mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, amekosa daftari tu. Chimène alicheka mpaka akakaa chini. Graham akawa mwekundu, akasema kwa upole kwamba inapendeza, lakini ya kwao mbele huwa bapa, nguo inapishana, marinda yanakaa nyuma tu, na haikatwi vipande. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu mara mbili.

Niliwaambia waende Columbus wasiwe na wasiwasi, ile ilikuwa ya kupimia tu, ya kweli bado iko kwenye sanduku. Nikasema hivyo bila kuwaza. Dukani nilikuta kitambaa kile kimekwisha. Donc ikabidi maneno yangu yawe kweli. Nilitafuta nguo nyingine, nikashona siku mbili, marinda yote kwa mkono, mbele bapa kama ukuta. Jumamosi Graham aliingia kanisani kule Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, na mimi nakuambia bila kujisifu, watu walimtazama bwana harusi kabla ya bibi harusi. Rangi ya damu ya mzee, kijani ya majani ya chai, na uzi mwembamba wa njano.

Sasa huyo Graham ana shangazi, Tantine Winifred, mwanamke wa miaka themanini mwenye macho ya polisi wa mpakani. Aliniuliza hii ni miraba ya ukoo gani. Ningeweza kusema sijui. Nikasema ni ya ukoo mkubwa sana, jina limenitoka. Akafurahi. Alidhani nimewapatia ukoo wao uliopotea. Baada ya ndoa aliichukua ile sketi, akahesabu nyuzi moja moja kwa kioo cha kukuzia, akawaandikia watu wa Scotland wanaotunza daftari la miraba hiyo. Wakamjibu kwamba haimo. Hawajapata kuiona. Wakasema kama familia inataka iandikwe, inawezekana, lakini lazima wajue imetoka wapi na ni ya nani.

Alipofungua marinda ili ahesabu vizuri, akakuta ndani mahali palipoungua na moto, pameshonwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo kama chawa. Naye ni mshonaji. Alinipigia simu, Chimène akatafsiri. Alisema mkono huo si wangu, mimi nashona kwa haraka. Akasema nguo hii ilivaliwa na mtu miaka mingi, na yeye hawezi kuiandika kwa jina la familia yake kama ina mwenyewe. Akaniuliza ni nani. Nikajibu nitamwandikia mdogo wangu wa Buffalo.

Hapo ulipofika umekwisha kujua, lakini niandike mwenyewe. Ni blanketi la mama. Lile alilolinunua kwenye balo la mitumba pale Bukavu, akajifunika mabegani mpaka siku aliyotuacha, na kaa la jiko lilipolitoboa alilishona usiku ule ule. Lilikuwa lako, kwa sababu kwetu nguo ya mama ni ya mtoto wa mwisho, na ulipohama hapa uliniachia nilitunze, ukasema kwangu ni pakavu. Nililikata Jumatano hiyo saa tisa mchana, nikiwa na akili yangu timamu. Sikukupigia simu kwa sababu nilijua utakataa. Nilifanya hivyo ili mzungu asiseme Bagula hajui kushona. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta.

Unisamehe. Neno hilo unajua silitumii.

Nilikata mara mbili tu, kwa urefu. Vipande viwili ni sketi. Cha tatu, chembamba, ndicho hiki nilichokitia ndani ya bahasha. Sikukipinda, nyuzi zake ziko wazi. Ukinirudishia kwa posta, nitaelewa. Nitafumua marinda, niunganishe vyote vitatu, nikuletee blanketi lako mwenyewe kwa basi, lenye mishono miwili, na Graham amekubali, amesema hatauliza neno. Ukikaa nacho, nitamwambia Tantine Winifred aandike kule Scotland kwamba miraba hii ni ya mama yetu, Nabintu wa Bukavu, na sketi ibaki Columbus kwa watoto watakaozaliwa. Uchague wewe. Mimi nilikwisha kuchagua mara moja bila ruhusa.

Nisalimie Dative, umwambie ndizi alizotutumia zilifika zimeiva vizuri. Nisalimie watu wa kanisa lenu. Mungu awalinde na baridi hiyo, nami nabaki hapa nikifungua sanduku la posta kila mchana.

Ni mimi kaka yako,
Bagula, fundi