Rimoti Upande wa Kulia

Jumatano, 11 Desemba 2024

AC imefungwa leo. Chumbani kwa Baba! Nyumba ya bati, hapa Lumemo, Ifakara, ina AC. Mama Jenifer wa jirani anasema sasa tumekuwa benki.

Kaka Evod ndiye kaituma, kutoka huko kwenye miwa anakofanya kazi. Imetumika lakini safi. Alisema kwenye simu hawezi kulala yeye wakati Baba anaungua na joto kitandani. Tangu kiharusi cha Agosti Baba ni wa kulala tu. Upande wa kulia wote umekufa, na maneno yakaenda nao. Akifumba macho mara moja ni ndiyo. Mara mbili, hapana. Akitaka kitu anagonga ukuta kwa mkono wa kushoto. Kitanda changu kiko upande wa pili wa ukuta huohuo, kwa hiyo mimi ndiye husikia wa kwanza. Joto la mwezi huu limeanza kumchubua mgongo.

Fundi anaitwa Fridolin. Kijana, katoka chuo mwaka huu, kaja na bajaji imebeba ngazi. Katoboa ukuta, kapitisha mabomba ya shaba, kapaka povu la sabuni kwenye maungio aone kama gesi inavuja. Halafu akaziba mwanya wote wa juu, kati ya ukuta na bati, kwa mbao na sponji. Bibi akafoka — chumba cha mgonjwa kisipumue? Fridolin akamjibu, Bibi, baridi ni kama kuku, usipofunga banda inaondoka. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Kabla hajaondoka alituonyesha rimoti, akasema: kuwasha na kuzima, basi. Mengine yako kwenye kitabu. Kuna msomi humu?

Wote wakanigeukia. Bibi: "Si huyu hapa! Kidato cha tatu, Kiingereza anakinywa kama chai."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi macho ya watu yakiniangukia nakubali chochote, mradi yaondoke. Kitabu kiko chini ya godoro langu. Sijakifungua.

Ijumaa, 13 Desemba

Baba kalala mchana kutwa! Hajalala hivyo tangu Agosti. Nilimuuliza, Baba, unasikia raha? Akafumba macho mara moja, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu.

Shida ni wageni. Zamani walikuja kumjulia hali mgonjwa, dakika tano, pole, wakaenda. Sasa hawaondoki. Leo Mama Jenifer kaja na ungo wake, kachambua mchele wote wa kesho humo ndani. Bibi anamtania: "Wewe umekuja kumwona mgonjwa au mashine?" Naye: "Mama Apolonia, mgonjwa nimemwona, sasa naiona mashine." Na huwezi kumfukuza mtu aliyekuja kuona mgonjwa. Mimi hukaa jikoni nje, nisiulizwe habari za shule.

Maji yanayodondoka kwenye kibomba cha nje Bibi anayakinga kwa ndoo. Anafulia.

Rimoti Bibi kaifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, juu, upande wa kulia wa Baba, maana wa kushoto ni ukutani. "Hapo hataiangusha," alisema.

Jioni kaniuliza, kitabu umekimaliza? Nimesema nimekimaliza.

Jumapili, 15 Desemba

AC imeharibika. Baba yuko hospitali. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 16 Desemba

Yu hai. Daktari kasema kakauka maji mwilini, joto lilimzidi. Wamemtundikia dripu. Mama kavuka kutoka shambani Lupiro, kaingia wodini na matope ya mpunga miguuni, nesi akampisha tu.

Jana Bibi alikwenda misa ya kwanza. Mama alikuwa shamba, msimu haumsubiri mgonjwa. Nilibaki mimi na Baba. Bibi aliporudi akafungua mlango wa chumba, na joto likampiga usoni kama kafunua chungu. Mashine ilikuwa inapuliza moto. Moto! Baba shuka limelowa, midomo imekauka, macho yameelekea juu. Bibi akapiga yowe. Majirani, bajaji, hospitali.

Baba mdogo Pantaleo anasema fundi kafunga mashine vibaya. Kageuza mabomba, la moto kaliweka pa baridi. Kampigia simu palepale wodini, mbele ya wagonjwa wengine. Fridolin nilimsikia kwenye simu, sauti nyembamba: Mzee, hilo haliwezekani, mzee.

"Kijana, umempika kaka yangu!"

Nilikuwa nimeshika chupa ya uji. Nikakikaza kifuniko.

Jumanne, 17 Desemba

Daftari hili halisomwi na mtu. Basi niandike.

Ni mimi.

Jumapili alfajiri umeme ulikatika, ukarudi. Bibi keshaondoka. Niliwasha AC kama siku zote, ikapuliza, lakini niliona kama haina nguvu. Watu wa jumuiya walikuwa waje baada ya misa. Nikataka wakute chumba kizuri, wasiseme lolote, wasiniulize lolote. Nikabonyeza. Vikatokea vipicha. Kimoja kama ua, lina ncha sita. Tone la maji. Feni. Jua. Nikafikiri, jua ndiyo mchana, na kwenye kitufe kingine niliona mwezi, huo utakuwa wa usiku. Nilijiona nina akili! Namba nikazipandisha hadi thelathini, kama pangaboi, namba kubwa ndiyo nguvu. Nikafunga mlango vizuri kama alivyosema fundi, baridi isitoroke.

Leo nimetoa kitabu chini ya godoro. Ukurasa wa saba. Ua si ua. Ni theluji. Nani Ifakara keshaona theluji? Na chini ya jua kuna neno moja tu. HEAT. Neno la darasa la nne.

Bibi alipopiga yowe mimi ndiye niliyezima. Baadaye, nyumba ikiwa tupu, niliirudisha kwenye theluji, namba ishirini na nne, nikaifunga rimoti mahali pake kama ilivyokuwa.

Jumatano, 18 Desemba

Nimetumwa sokoni. Nimekuta Fridolin wanamwita Fundi Oveni. Vijana wa bodaboda: "Oveni, nichomee kuku!" Alikuwa anapita na ngazi yake, kwa miguu. Gesti moja iliyokuwa imempa kazi ya vyumba vyote imempa mwingine. Alinitambua. Nikamwamkia, shikamoo kaka Fridolin. Sijui kwa nini shikamoo, hanizidi hata miaka sita. Akaniuliza jambo moja tu: mzee anaendeleaje?

Nikasema anaendelea vizuri. Nikageuka, nikasahau nyanya.

Ijumaa, 20 Desemba

Baba karudi nyumbani. Mama kamlaza, kamgeuza, kesho alfajiri anarudi Lupiro, miche haina wa kuipanda. Bibi kakataza AC kuwashwa. Katoa sponji zote juu ya ukuta kwa mkono wake. Chumba ni tanuri lilelile la zamani. Jasho la Baba linaingia kwenye vidonda vya mgongo, anauma meno. Nampepea kwa kipande cha boksi.

Haniangalii kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Kuna jambo sijaliandika. Naliandika halafu nitazima taa.

Jumapili aligonga.

Nilikuwa kitandani kwangu, nimejificha, maana Mama Jenifer alikuja na ungo wake nikamwambia dirishani kwamba Baba kalala. Akaondoka. Ndipo Baba akagonga. Mara tatu. Nilifikiri anataka chombo cha haja. Baba hapendi mimi nimshughulikie huko, na mimi — naona aibu, Mungu wangu, naona aibu, ni baba yangu. Hiyo kazi ni ya Mama na Bibi. Nikasema moyoni, Bibi anakaribia kurudi. Akagonga tena, kwa muda mrefu. Nikajifunika kichwa kwa mto.

Halafu akaacha. Nilishukuru alipoacha.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika haraka, wote wako upande wa pili wa ukuta.

Fridolin kaja mwenyewe asubuhi, bila kuitwa. Kavaa shati la kanisani. Kasema hadai chochote, anaomba aikague mashine mbele ya wenye nyumba, akikuta kosa lake ataing'oa na kuomba radhi kanisani. Baba mdogo Pantaleo akamjibu, kagua, nasi tutakukagua wewe. Bibi akamletea kiti lakini hakumkaribisha chai.

Kapanda ngazi, kapaka povu tena, kafungua mashine ya nje, kawasha. Ubaridi ukaja palepale! Halafu akasema kwa upole, mashine hii ina pande mbili, inaleta baridi na inaleta joto. Aliyeshika rimoti aliiweka kwenye joto.

Baba mdogo alicheka kicheko kibaya. "Joto? Nani mwenye akili zake ataleta mashine ya joto Ifakara? Joto hapa tunapewa bure!"

"Mzee, zinatengenezwa kwa nchi za watu wenye baridi. Sisi zinatufikia hivyohivyo."

"Na nani aliishika?"

Nilikuwa mlangoni. Bibi akasema yeye alikuwa misa. Akaanza kugeuza shingo kuja kwangu, nikaliona neno limenijaa mdomoni, nikafungua mdomo kabisa. Naapa nilifungua. Ndipo Baba akatoa ile sauti yake ya kooni. Watu wakamgeukia.

Bibi akainama. "Remigius, mwanangu. Ulimwona aliyebonyeza? Ni mtoto huyu?"

Akafumba macho mara mbili.

"Ni wageni?"

Mara mbili.

"Ni wewe mwenyewe?"

Akanitazama mimi. Akafumba mara moja.

Fridolin akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Baba mdogo akamwambia, basi kijana, nisamehe. Akampa mkono! Nikafikiri yamekwisha. Nilitaka kumbusu Baba miguu.

Lakini Bibi alikuwa anaitazama rimoti. Ile kamba. Akaigusa. Akaugusa mkono wa Baba uliolala karibu nayo, ule uliokufa.

"Upande wa kulia," alisema. "Iko upande wa kulia."

Halafu akapiga vigelegele. Bibi yangu, ambaye tangu Agosti hajaimba hata kanisani! Mkono umefufuka, mkono wa mwanangu umefufuka. Mama Jenifer kaingia mbio, na ungo mkononi, naye kaanza. Baba mdogo analia waziwazi. Wamempigia Mama shambani, kaweka ndoo chini, nimesikia sauti yake, anasema anaacha miche majini anakuja. Wamempigia kaka Evod, anasema ataomba ruhusa kazini, ataleta mtu wa kumnyoosha viungo, kumbe inawezekana, kumbe inawezekana — anarudia hivyo tu.

Fridolin hakushangilia. Aliikunja ngazi yake polepole, akaniangalia, akaangalia chini.

Baba alifumba macho mara mbili. Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Hakuna aliyemtazama usoni. Wanautazama mkono.

Sasa Bibi anataka arudie, wote waone. Kamwekea rimoti kwenye kiganja cha kulia, kamkunjia vidole kimoja kimoja. Kaniita, Noela, mke mwenzangu, lete simu yako upige video tumtumie Evod. Nimesema iko kwenye chaji. Haiko kwenye chaji. Iko hapa mapajani, imejaa.

Nikisema sasa, naua mkono ule mara ya pili. Nisiposema, watauvuta, watausubiri, watamlaumu kwamba hataki. Nawasikia: "Jaribu baba, jaribu kidogo tu, kama ile Jumapili."

Vigelegele vimepungua. Wanasubiri.

Anagonga ukuta. Mkono wa kushoto. Hapa hapa, usawa wa kichwa changu.

Nimesikia, Baba.