Mustang ya Buluu Mlangoni pa Mama Mkwe

Baba yangu,

Nimeolewa! Nilitaka hilo liwe neno la kwanza kwenye karatasi hii, hata kabla ya salamu, maana nimekuwa nikilisema kimoyomoyo tangu Jumamosi ile na bado halijanichosha. Anaitwa Barnaba. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Yamumbi, mrefu, mpole, na akicheka hufunika mdomo kama anayeogopa furaha isimtoroke. Nampenda, Baba. Nikimwona anatoka shule na baiskeli yake nasahau sufuria motoni, na mama mkwe ameshanionya kuhusu ugali wa kuungua.

Kinachoniuma ni kwamba hukumjua. Ulituacha wakati wa kuvuna ngano, naye alikuja kwetu Sugoi mara ya kwanza ngano ya mwaka uliofuata ikiwa imefika magotini. Lakini yeye alikujua wewe. Ngoja nikwambie alivyokujua.

Mama alimkaribisha sebuleni akampa chai. Unajua wageni wote huuliza swali moja wakiiona ile rafu yako ya magari madogo: hizi toi ni za mtoto gani? Barnaba hakuuliza. Alisimama mbele ya magari, chai ikapoa mkononi, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa Camaro ya manjano. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, kama boneti yake inafunguka. Nikamfungulia. Alipoiona ile injini ndogo iliyopakwa rangi ya fedha, alinitazama mimi, hakulitazama gari tena. Hapo nikajua nitaolewa na nani.

Nilimsimulia yote siku hiyo. Jinsi ulivyoendesha trekta maisha yako yote, ukilima mashamba ya ngano ya watu kwa mwendo wa kobe, huku moyo wako uko kwenye magari ya mbio. Jinsi mke wa tajiri alivyokufungia mkate kwa ukurasa wa gazeti la Amerika, ukala mkate, ukaunyoosha ukurasa, na hapo ukaiona Mustang: pua ndefu, mkia mfupi, mistari miwili nyeupe kutoka mbele hadi nyuma. Na jinsi Kimaiyo, mtoto wa Baba Mdogo, alivyopata nafasi ya kukimbia na kusoma huko Amerika. Watu walimtuma redio, viatu, saa za mkononi. Wewe ukamtuma gari la chuma linaloenea kiganjani. Akadhani unatania.

"Kijana, saa ninayo, iko juu inawaka," ulimwambia. "Mimi niletee Mustang."

Akaileta, ile ya buluu. Kila alipokuja likizo akaleta nyingine: Camaro, Barracuda ya kijani, Charger nyekundu yenye milango inayofunguka. Magari ya misuli, ulikuwa ukisema, ndivyo wenyewe wanavyoyaita, na ulikunja mkono unionyeshe misuli yako ya usukani. Nilijua majina hayo kabla sijajua majina ya wilaya za Kenya.

Baba, hakuna mtu aliyependa kitu vizuri kama wewe. Jumapili baada ya ibada ulikuwa unatandika gazeti juu ya meza, unaleta mswaki wa zamani, kitambaa cha flana na tone la mafuta ya cherehani kwa magurudumu. Kazi yangu ilikuwa kukushikia kifuniko cha mafuta, na niliishika kazi hiyo kana kwamba nimeajiriwa na serikali. Ulinifundisha kwamba gari halisukumwi kwenye simiti, rangi itakwaruzika. Haliachwi dirishani, jua litaifubaza. Na boksi halitupwi, kwa sababu boksi ni nusu ya gari. Majirani walipopita na kukutania, "Mzee wa tinga, leo umechunga toi zako?" hukukasirika hata kidogo.

"Chungeni ng'ombe zenu," ulikuwa ukiwajibu. "Yangu hayali majani wala hayapati ndigana."

Wengine wao walikuwa wametoka kuzika ndama kwa ugonjwa huo huo.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana nusura magari yako yasambaratike.

Barnaba alipoleta wazee wake kwetu kuzungumza mahari, nilimwomba Mama niruhusiwe kuondoka na magari. Nilikuwa mshika kifuniko, nani mwingine anajua kuyatunza? Lakini Kibet ndiye kifungua mimba wako, na mali yako iko chini yake. Kaka yangu si mbaya. Alisema tu jambo ambalo kila mzee pale alitikisa kichwa kulikubali: "Ng'ombe zinaingia kwa mlango wa mbele, halafu mali ya Baba inatoka kwa mlango wa nyuma?" Binti huondoka na nguo zake na vibuyu vyake. Magari yangebaki Sugoi, na kwa sababu Kibet hana haja nayo, watoto wake wangechezea. Unawajua watoto wa Kibet. Likizo moja ingetosha.

Nililia mpaka Mama akaingilia. Wazee wakatafuta njia ya katikati: kama boma la Barnaba lenyewe, kwa kinywa chake, litayakubali magari na kuyapa mahali, yaende. Wakikataa, Kibet arudi nayo siku hiyo hiyo. Lakini shangazi yake Barnaba akaniletea maneno kutoka kwa mama mkwe. Bibi harusi aje na kibuyu cha maziwa ya mursik, alisema, asije na vitu vya maiti. Aliogopa, Baba. Aliogopa msiba usifuate harusi ndani ya nyumba yake, na ukweli ni kwamba singeweza kumlaumu.

Siku ya harusi ikafika. Gauni lilikuwa jeupe na refu, kwaya iliimba, Barnaba alisahau jina lake mbele ya mchungaji, nitakusimulia siku nyingine. Baada ya kanisa tukafika kwao. Unajua desturi yetu: bibi harusi husimama mlangoni, haingii, mpaka watu wa boma wamwahidi mnyama mbele ya mashahidi, na ahadi ya mlangoni hairudishwi. Nikasimama. Nyuma yangu Kibet, na suti yake ya kubana, ameshika katoni ya maziwa ya shule ambayo Barnaba alituletea, na ndani yake magari yako yote.

Wakaniahidi kondoo. Sikusogea. Watu wakacheka, wanawake wakaimba. Mjomba wake Barnaba akaniahidi mtamba, tena mwenye mimba, akamtaja kwa rangi na jina. Kila mtu akapiga makofi, na shangazi akanisukuma kiunoni kidogo niingie. Sikusogea. Hapo kicheko kikapungua. Nikasikia mwanamke mmoja akisema huyu labda anataka shamba. Mtu akishaingia, desturi imekwisha; nisipoomba hapo sitaomba tena. Barnaba alikuwa anajua, na alinyamaza kwa sababu tulikubaliana hilo liwe neno langu.

Mama mkwe akatoka ndani akasimama karibu nami.

"Mwanangu, mtamba umemkataa. Sema basi unataka nini."

"Mahali pa kuweka magari ya baba yangu," nikasema.

Mama mkwe alimtazama Kibet, akaitazama katoni, na kwa muda nilidhani atarudi ndani. Kisha akaomba ifunguliwe. Kibet akapiga goti na suti yake, akafungua. Juu kabisa ilikuwa Mustang ya buluu. Mama mkwe akaitoa kwenye boksi lake polepole, kama mtu anayemchukua kifaranga. Akazungusha gurudumu kwa kidole gumba. Likazunguka, likazunguka, bila sauti. Akaisogeza machoni akatafuta kutu, akatafuta mkwaruzo. Akakosa.

"Mtu aliyetunza chuma hivi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mtoto alimtunza namna gani?"

Akanishika mkono. "Ingia. Rafu ya juu ya kabati ya vikombe ni yake."

Baba, kabati ya vikombe! Ile yenye vioo, ambayo hata Barnaba haruhusiwi kuifungua, iliyo chini ya picha ya Rais na kalenda ya kanisa. Nikaingia nikilia, na mtamba nikampoteza, na mpaka leo shangazi wananiita yule aliyebadilisha ng'ombe na bati. Waache waite.

Magari yako yako hapo sasa, mbele ya vikombe, pua zote zikitazama mlango. Barnaba amejifunza kuyapaka mafuta na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Mama mkwe ana lake moyoni, Barracuda ya kijani, ingawa anaiita "ile ya rangi ya sukuma wiki". Wageni wakija anawasimulia habari zako kana kwamba mliwahi kunywa chai pamoja. Nasikiliza kutoka jikoni na kifua kinajaa.

Na Jumapili iliyopita Kibet alikuja. Alikaa, akala, akazungumza habari za mahindi. Halafu akasimama mbele ya kabati muda mrefu, mikono nyuma, na nikaona mabega yake ni mabega yako. Akaniambia bila kugeuka kwamba Mama hupita mbele ya rafu yako tupu, husimama, kisha huendelea na kazi. Hakuomba kitu. Ni kaka yangu, hajui kuomba. Nikamwomba mama mkwe ufunguo, nikatoa Camaro ya manjano na boksi lake, nikamwekea mikononi. Alivua kofia yake akaitia humo, akaondoka kichwa wazi na mvua ilikuwa imeanza kunyunya.

Basi uko nyumba mbili sasa, Baba. Nakuahidi hili: kila mwezi nitapanda Sugoi na flana na mafuta ya cherehani, nimkalishe Mama mezani, na kifuniko atashika yeye. Wewe pumzika. Umelima vya kutosha.

Ni mimi binti yako, mke wa Barnaba,

Selina