Kitone cha Tatu cha Manganizi

Jumatatu, 4 Machi
Torleiv wangu,
Mchoro wako wa hali za metali ya manganizi ungali ukutani, juu ya sinki la maabara. Ingvill, mwalimu aliyeshika nafasi yako ulipofariki, aliutazama kwa muda mrefu, mkate wa jibini ya kahawia mkononi. Akasema kitone cha hali ya tatu ya manganizi kimekosewa. Kiko chini kuliko vyote. Anataka kuung'oa Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza, kosa gani hasa? Akanieleza bila haraka. Kitone kikiwa chini, hali hiyo ya oksidisho, yaani idadi ya elektroni ambazo metali imepoteza, imetulia. Unaunganisha kitone cha hali ya pili na cha nne kwa rula. Ya tatu ikiwa juu ya mstari haikai — inagawanyika, nusu inakuwa ya pili, nusu ya nne. Ndivyo ilivyo kwenye asidi, na mchoro wako ni wa asidi.
Eskil wa darasa la mwisho akadakia: "Kumbe kwenye ukuta wetu manganizi imestaafu!" Nikacheka na wanafunzi.
Halafu Ingvill akakusema wewe, kwa sauti ya chini: "Alikuwa mgonjwa, maskini. Akili ilishachoka."
Sikucheka tena.

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua kitabu chako cha majedwali. Ukurasa wa asidi, kisha wa alkali, kinyume chake. Kwenye alkali, ya tatu iko chini. Namba ileile ya ukutani!
Nikakumbuka. Jikoni kwetu, ule ubao wa mchoro mezani. Dawa zilikuwa zimekufifisha macho — wewe brashi, mimi kusoma namba. Kilibaki kitone kimoja. Kahawa ikafurika, nikakimbilia jiko. Niliporudi nikafungua ukurasa mwingine.
"Una hakika, Ragnfrid?"
Nikasema ndiyo. Ukaishika brashi juu ya ubao kidogo, ukapaka.
Ulijua?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeosha chupa za maabara kama kila siku. Sijamwambia Ingvill. Aibu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesema! Mbele ya darasa zima, aproni ikiwa bado imelowa. Kwamba akili yako ilikuwa timamu. Kwamba mimi ndiye niliyesoma ukurasa wa alkali.
Ingvill akawa mwekundu. Akaniomba radhi, akasema basi mchoro ubaki, nikirekebishe kitone mwenyewe.
Eskil ameshika ngazi. "Panda, mama, sitakuangusha. Leo."
Naandika haraka, rangi inakorogwa. Kipya kinakaa juu zaidi, hilo najua. Hiki chako cha chini, ulichopaka kwa mkono wako — nikifute? Mkono haujakubali. Wananisubiri.
Huko uliko, Torleiv, nikumbuke.