Tunda Kupitia Ufa

Dada yangu mpenzi,

Tangu urudi kwako mvua haijakatika, vyura hawanyamazi, nami nimerudi kazini kulinda msitu. Hondohondo jike alijiziba kwa tope ndani ya tundu la mti ili atamie, na dume akawa anamlisha matunda kupitia ufa. Mwenzangu wa zamu akacheka: "Huyo ndiye mume, siyo yule wangu!"

Mimi machozi yalinitoka. Nilipofiwa na mume wangu nikajifungia chumbani, wewe ulinipitishia bakuli la uji dirishani kila siku, wala hukuniuliza lolote. Ahsante, dada.

Leo jike kabomoa ukuta wake. Katoka amekonda, lakini anaruka.

Ukija tena, pitia mlangoni. Uko wazi.

Mdogo wako