Penseli Yako Pembeni mwa Ukurasa

Ndugu yangu Salum,

Kitabu chetu nimekimalizia kwenye kishikwambi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia aibu, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine huko uliko.

Nakumbuka tulivyokaa dukani kwako, sokoni Iringa, katikati ya majora ya vitenge, ukaninyooshea kidole: "Mwalimu, siku nikikukuta unasoma kitabu kwenye simu, chai yangu yote uliyokunywa humu ndani utaitapika." Nikacheka, nikakuahidi. Wakati ule macho yangu yalikuwa mazima.

Sasa ni mabovu. Daktari anasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Sikukuambia. Mwaka wako wa mwisho nilikuwa nasoma kwa kioo cha kukuzia maandishi, mstari mmoja mmoja, na ndiyo maana vitabu vilichelewa kurudi kwako. Ukaniandikia pembeni: "Kurasa ishirini bila alama hata moja. Hapa Mwalimu alilala." Sikulala, Salum.

Siku ya arobaini yako, binti yako Zuhura aliniuliza desturi yetu ya kusoma kitabu kimoja kwa zamu ilianzaje. Nilimwambia kwamba tulipohamishwa bondeni Usangu, kila mtu alipakia kwenye tela la trekta alichoona cha maana, na mimi nikapakia vitabu. Mvua ilitunyeshea hata Rujewa hatujafika. Nikaja kwako Iringa na sanduku la karatasi zilizovimba kama mikate. Wiki nzima ulichomeka magazeti kati ya kurasa, kisha ukavilaza vitabu chini ya marobota ya kanga ili vinyooke. Mkeo alilalamika kwamba duka linanuka uvundo. Ukamjibu, "Mama Zuhura, huyu amepoteza nyumba. Tusimpotezee na hadithi zake."

Nilipopata kazi Mbeya, ulikataa tuache kusoma pamoja. Kitabu kikawa kinapanda basi, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge: wiki tatu kwako, wiki tatu kwangu, sura chache kila zamu, na kila mmoja na penseli yake. Mimi niliandika kwa mkono mwepesi. Wewe ulikandamiza kama mtu anayechonga mhuri. Miaka yote hiyo sikumbuki barua hata moja kati yetu. Tuliyokuwa nayo ya kuambiana tuliyaandika pembeni mwa kurasa, hata habari ya kufiwa na mke wangu uliijua humo.

Siku ileile ya arobaini Zuhura alinikabidhi riwaya yetu ya mwisho, ile ya mtu aliyeondoka kijijini kwao baada ya ugomvi wa mfereji wa maji na kaka yake. Alisema ilikuwa kitandani kwako mpaka saa yako ya mwisho. "Baba ameandika kitu humo, Mwalimu. Ni chako, sikukisoma." Nikarudi nacho Mbeya, na mimi pia sikukisoma. Maandishi ya chapa niliyaona kwa taabu. Penseli ilikuwa ukungu mtupu.

Miezi mitatu nikakaa nacho. Ningeweza kumwomba mtu anisomee. Lakini maneno yako ya mwisho nilitaka niyasome kwa macho yangu, hata kama ni haya.

Ndipo mwanangu Neema akaja likizo. Ni mwalimu kama nilivyokuwa, na alikuja na kishikwambi. Akaitafuta riwaya ileile humo, akaipata, akaniwekea mapajani. "Jaribu, Baba. Ukichoka utanirudishia." Nilisoma kurasa kumi na mbili bila kupumzika. Niseme kweli: nilifurahi kama mtoto. Herufi zilikuwa kubwa kama za ubaoni, ukurasa unafunguka kwa kidole, shingo haiumi. Wanaosema vitabu vya karatasi vinakwisha, siku ile niliwaelewa. Kisha nikafika pale ambapo kwenye kitabu chetu, katika zamu zetu za mwanzo, uliandika "Muongo huyu!" na pembeni palikuwa peupe. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Kweupe kote. Ilikuwa kama kuingia nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuishi humo.

Nikamwomba Neema akipige picha kitabu chetu, ukurasa kwa ukurasa, ili niikuze penseli yako. Nikaenda kanisani. Niliporudi, nilimkuta mezani na raba ya kufutia.

"Baba, kilikuwa na michoromichoro. Nimeanza nyuma, nafuta kwanza ili picha zitoke safi."

Kurasa nne, Salum. Nne za mwisho ulizoandika.

Sikumfokea. Ningeupata wapi mdomo? Shuleni kwetu, kila mwisho wa mwaka, mimi ndiye niliyewapanga wanafunzi kwenye mstari, kila mmoja na raba yake, kwa sababu kitabu chenye penseli hakikuruhusiwa kuingia stoo. Neema alikuwa katika mstari ule. Nilimsifu mbele ya wenzake kwa kufuta vizuri.

Nilikichukua kitabu, nikakaa dirishani. Sikuwa na la kufanya, basi nikapitisha kidole ukurasani, kama mtu anayepangusa vumbi. Kidole kikakwama. Kikapanda, kikashuka. Risasi ya penseli ilikuwa imeondoka, lakini ulipokandamiza karatasi pamebaki. Nikamwita Neema. Alikuja mbio akidhani naumwa.

Ni yeye aliyejua la kufanya. Aliilaza tochi ya simu ubavuni mwa ukurasa, mwanga upite juu juu, akapiga picha kwa kishikwambi, akaikuza mpaka neno moja likajaza kioo. Vivuli vikakaa ndani ya mikwaruzo yako. Akanipa, akageuka akatazama ukutani ili nisome peke yangu. Alikuwa analia.

Kurasa tatu zilikuwa ugomvi wetu wa kawaida. Unanishambulia kwa kumtetea kaka mtu, unaniita hakimu wa baraza aliyehongwa pombe. Wa nne uliandika kwa mistari iliyopinda: "Mwalimu, nimechoka. Nimefika hapa. Malizia wewe, uniambie kama alirudi kwao."

Zuhura huniuliza kwa simu kama vitabu vya karatasi vitakufa. Zamani ningemhutubia mpaka salio limwishie. Sasa namwambia kwamba mkono wa baba yake ulibaki kwa sababu ulikandamiza karatasi, na kwamba niliuona kwa sababu ya kioo kile. Zaidi ya hapo sijui, na nimefika umri wa kusema sijui. Kinachonitisha ni mtu nadhifu mwenye raba na nia njema. Nimelea wengi wa namna hiyo darasani.

Kurasa zilizobaki zilikuwa arobaini na moja. Nimezisoma jioni saba, kishikwambi mkononi na kitabu chetu kikiwa wazi kando yangu, nikifunua pamoja. Basi nakujibu.

Alirudi, Salum. Wewe ulisema atarudi, mimi nikasema mtu akishaondolewa kwao harudi, na wewe unajua kwa nini nilisema vile. Umeshinda. Anafika alfajiri, anaufuata mfereji mpaka uani kwa kaka yake, anapiga hodi. Mlango unafunguliwa na mwanamke asiyemjua, anamwuliza, "Wewe ni nani?" Mwandishi anaishia hapo. Hatuambiwi kama alikaribishwa. Najua ungechukia, ungenijazia ukurasa mzima na kuniuliza mwandishi huyu amelelewa wapi. Mimi pia nimechukia. Nimechukia peke yangu, na hilo ndilo nisilolizoea.

Jumamosi kitabu kinapanda basi kwenda Iringa kwa Zuhura. Ameniomba mwenyewe. Zile kurasa nne sijapitisha penseli juu yake na sitapitisha. Zitabaki kama zilivyo. Chini ya mstari wa mwisho wa mwandishi nimeandika neno langu, kwa herufi kubwa, bila kujali linapendezaje, na nimemwacha Zuhura nafasi ya kunipinga. Nakuahidi kwamba maadamu naona japo kivuli cha neno, atakachoandika nitakisoma na kumjibu, na sitamhurumia kwa kuwa ni mwanao.

Mola akulaze pema, ndugu yangu. Nimekuambia ulichotaka kujua. Pumzika.

Mwalimu wako,
Mbeya